Mgeni Aliyeiponda Pilau Yangu

Jamani, leo mgeni ameiponda pilau yangu mbele ya kanisa zima.

Ni Msan, jamii ya wawindaji wa asili kutoka Namibia. Mchungaji alimwalika hapa Westerville, Marekani, atusimulie historia na mila za watu wake.

Mgeni akafunua sufuria, akachungulia. "Nimeendesha gari kutoka Louisville kwa ajili ya hivi vijifupa?"

Vijifupa! Pilau ya mbuzi niliyoamka alfajiri kuipika!

Hapo nikaanza kumshuku. Msan kweli, au tapeli aliyesikia kuna chakula?

Nikamkodolea macho akila. Akaongeza sahani mara tatu. Shaka ikazidi.

Mchungaji akatoka kupokea simu, mgeni akaanza kusimulia. Akaeleza michoro ya mababu zake miambani, na walivyonyang'anywa ardhi waliyowindia. Kisha akanigeukia.

"Kwetu mwindaji akileta mnyama mnono, tunamwambia amekonda, hafai kitu. Ni ili asivimbe kichwa. Mama, pilau yako ilikuwa hatari."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikakosa pa kuficha uso.

Alipomaliza nikamfuata mlangoni, nami nimheshimu kwa mila yake.

"Umetupotezea Jumapili bure! Hadithi zenyewe zimekonda!"

Akainama, kafunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Mchungaji ndio kwanza anarudi. Kasikia maneno yangu, kaona mgongo wa mgeni, kadhani analia.

Sasa hivi kanitumia ujumbe: Jumatano nifike mbele ya wazee wa kanisa nijieleze.

Nyie, mngekuwa mimi mngeanzia wapi?