Kupe wa Ng'ombe wa Mahari

Miaka ya themanini nilikuwa nauza mitumba soko la Kibuye, Kisumu, lakini moyo wangu wote ulikuwa Pap Onditi kule Nyakach, kwao Akinyi. Baba mdogo akanikumbusha kwamba mapenzi bila ng'ombe ni hadithi tu. Basi tukakodi lori, tukampakia dume mweusi, nami kwa furaha nikapanda nyuma kumshika.

Njiani niliimba mpaka dereva akagonga bati ninyamaze. Dume aliniegemea mapajani mwendo mzima. Tulipofika Nyakach nikambandua kupe aliyenona kwenye paja langu, nikapakuna alipouma kwa kucha zilezile zilizoshika kamba yenye mavi, nikashuka nikitabasamu.

Pap Onditi tulipokewa kwa samaki na kuku. Mvua nayo haikutaka kupitwa, na udongo mweusi ukameza magurudumu ya lori. Tukalala kwenye simba, nyumba ya kaka yake Akinyi, maana mkwe halali nyumba ya wakwe.

Siku ya tatu pale alipouma kupe pakawa kidonda kinachotoa usaha, mtoki ukavimba kinenani, nikawa natetemeka juani. "Twende dispensari, bwana," akasema baba mdogo. Nikakataa katakata. Muuguzi alikuwa mmoja tu, naye ni mama yake Akinyi. Kwetu kumtazama mama mkwe usoni tu ni taabu, sembuse kumvulia suruali. Niliogopa kuikosa ndoa kuliko kuukosa mguu. Niliposhindwa kusimama, baba mdogo na dereva walinipeleka kwa wilbaro.

Dispensari, mama mkwe aliongea akiwa nyuma ya pazia.

"Ulikuwa unangoja nini?"

"Heshima, Mama."

"Uchafu ya kucha yako imeanza kuingia kwa damu. Ukikufa, hiyo heshima nitapeleka wapi?"

Akatwaa shuka, akaitoboa kwa mkasi wa bandeji. Nikajifunika gubigubi, nje likabaki paja, na baadaye, kwa tundu la pili, mahali pa sindano ya penisilini. Baba mdogo alichungulia dirishani akacheka hadi akakaa kwenye matope.

Homa ilishuka, barabara ikakauka, tukajiandaa kurudi Kisumu. Tangu hapo hata mkwaruzo mdogo nauosha kwa sabuni, na ukivimba nasema mapema. Wakati wa kuaga mama mkwe aliugeuzia ukuta uso wake, kama desturi inavyotaka.

"Paja nimeshaona," akasema. "Sasa utaoa tu. Mimi siwezi kuwa nimeona paja ya mtu baki."