Shanga za Chini ya Lori

Juzi, kwenye gereji moja hapa Bariadi, kijana fundi alinionyesha bomba la kugawa hewa na petroli kwenye injini, lenye matawi manne, linang'aa. Ghafla nikasikia harufu ya petroli na pamba.

Nilipokuwa mtoto, baba alitengeneza la kwake uani, kwa bati la pipa, akayaunga matawi kwa risasi iliyoyeyushwa. Akalifungia feni kuukuu ya kinu cha pamba, iisukumie injini hewa, ili lori lake lipande mlima na mzigo. Kwa matawi yale manne, mimi niliona kiwele cha ng'ombe. Alipoliwasha lori, likapiga mluzi mrefu, mbwa wakakimbia.

"Baba Kabula, petroli inanuka sana," mama alisema.

"Bomba ni jipya. Litazoea."

Alipoizima injini, niliokota chini yake matone yaliyoganda, yanayong'aa. Nilidhani ni shanga. Leo najua risasi ya maungio ilikuwa imeanza kuyeyuka, na petroli ilikuwa ikivuja hapo, juu ya injini yenye moto.

Baba akaondoka kwenda Maswa, magunia ya pamba yamejaa nyuma yake. Nikampungia kwa mkono mmoja, mara ya mwisho. Ule mwingine niliufumba, shanga zikiwa bado na joto.