Mawe Ndani ya Boti Yangu

Nilinunua boti bila kuuliza swali hata moja. Mtu akinunua kuku sokoni humpapasa kifua, humwangalia macho, huuliza kama anataga. Mimi nilinunua boti ya mbao ya kubeba watu wanane, na kitu pekee nilichokiangalia kilikuwa rangi.

Mwenyewe alikuwa mzee mmoja wa kijiji kimoja mbele ya Kisian, aliyeacha kazi ya ziwa kwa sababu ya mgongo. Boti ilikuwa imelazwa kifudifudi nyuma ya nyumba yake, juu ya magogo mawili, na kuku walikuwa wanalala chini yake. Ilikuwa ya bluu na mstari mweupe. Mzee alisimama kando yangu akingoja niulize: imekaa nchi kavu tangu lini? Iliguswa na fundi lini? Najua alikuwa anangoja, kwa sababu aliguna mara mbili. Lakini mbele ya mkubwa huona haya kuuliza. Nikasema tu, "Ni nzuri."

"Ni nzuri," akajibu. "Utaipitisha ziwani mpaka Dunga?"

"Nitaleta lori, Mzee."

"Lori?" Akacheka mpaka akashika mgongo. "Boti kupanda lori, yawa! Itasalimia ng'ombe njiani?"

Nilidhani ananicheka ushamba. Kumbe alikuwa ananionya.

Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi ufuo wa Dunga, pale Kisumu, miaka minne, nikipiga kasia katika boti za watu, nikiwapeleka wageni kuona viboko na ndege kwenye mafunjo. Kwa hiyo nilijiona najua boti. Lakini mpiga kasia huikuta boti majini asubuhi na huiacha majini jioni. Yale mengine yote hufanywa na mtu mwingine, na huyo mtu sikuwahi kumtazama akifanya.

Mama yangu huuza omena, wale dagaa wa ziwani, mtaani Nyalenda, kando ya barabara. Mdogo wake alizama ziwani kabla sijazaliwa, na mwili ukapatikana siku ya tatu. Tangu hapo Mama hakanyagi ufuoni. Omena zake huletwa na akina mama wengine. Nilipomwambia nina boti, alikuwa anachambua omena juu ya gunia, akitoa mchanga na vijiwe. Hakuinua kichwa.

"Utabeba watoto wa watu?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi utanibeba mimi kwanza. Nikirudi salama, endelea na kazi yako. Maji yakiingia, hiyo boti utaiuza. Na usinijibu."

Nilivaa kofia yangu nikatoka. Nilimjua. Neno lake likitoka halirudi.

Nilijipa wiki mbili za kuitengeneza. Lori liliishusha kwenye nyasi pale Dunga, katika jua kali la kiangazi, nikaipiga msasa kutoka asubuhi hadi jioni. Siku ya tatu, ikiwa bado imelazwa kifudifudi, niliingia chini yake kusugua ndani, nikaona mwanga. Mwanga wa jua ulikuwa unapita katikati ya mbao, mistari mirefu myembamba, kama unavyopita kwenye ukuta wa mabati mabovu. Nilishtuka sana. Mzee ameniuzia chujio!

Fundi wa boti alikuwa hatua ishirini kutoka pale nilipolala. Ni mzee mfupi anayeshinda akipigilia pamba kwenye nyufa za boti za watu kwa patasi na nyundo ya mti, tok, tok, tok, siku nzima. Ningeweza kusimama nikamwuliza. Badala yake nilikwenda mjini kwenye duka la vifaa, nikanunua gundi ya kopo, ile inayokauka ikawa ngumu kama jiwe. Nikajaza kila ufa, nikapiga msasa tena, nikapaka rangi juu. Boti ikang'aa. Rafiki yangu anayekaanga samaki pale akaja na mafuta mikononi kuitazama.

"Omera, ndugu yangu," akasema, "hii hata bibi harusi atapanda. Mimi naogopa hata kuigusa."

Fundi naye alipita mara moja. Akagonga ubavu wa boti kwa kidole. "Imekaa juani siku ngapi?"

"Chache, Jaduong'," nikajibu, kama tunavyowaita wazee.

"Haya," akasema, akaenda zake. Zilikuwa siku kumi na moja. Sijui kwa nini nilimdanganya.

Jumamosi Mama alikuja amevaa nguo ya kanisani. Watu wa ufuoni walipojua ni mama yangu, walimpisha kwa heshima, kisha wakaanza kunong'ona. Nilimshika mkono akapanda. Akakaa katikati, macho mbele, midomo ikisali. Nilipiga kasia taratibu. Mwanzo mambo yalikuwa mazuri hata nikaanza kutabasamu peke yangu.

Halafu nikasikia tak! Kama mtu amevunja karanga. Kipande cha gundi kiliruka kutoka sakafuni kikaangukia karibu na mguu wangu. Kabla sijaelewa, tak nyingine, na nyingine. Boti ikibeba watu mbao zake husogea kidogo kidogo, na gundi yangu haikujua kusogea. Ilipasuka. Maji yakaja, kwanza kama uzi, kisha kama mfereji uliofunguliwa.

Mama hakupiga kelele. Alitazama maji yakipanda miguuni mwake, kisha akanitazama mimi. Mpaka leo sijawahi kuogopa kitu kama yale macho. Nilitafuta chombo cha kuchotea maji. Hakikuwepo. Nilitafuta jaketi za kuokolea. Nilikuwa nimeazima mbili, lakini nilikuwa nimezitundika kwenye mti ufuoni zikauke. Mama akanivua kofia kichwani, akainama, akaanza kuchota nayo. Nilijitosa majini. Kina kilinifika kifuani. Nikaisukuma ile boti nikilia, na namshukuru Mungu hatukuwa tumefika mbali.

Ufuoni kuna aliyecheka, akanyamazishwa. Mama alishuka akakamua gauni lake.

"Umeona," akasema. Akaondoka kwa miguu kurudi Nyalenda akiwa amelowa.

Jumapili sikutoka nyumbani. Mama alikwenda kanisani, akachelewa kurudi, na hatukuongea. Jumatatu asubuhi nilikwenda Dunga kutafuta mnunuzi.

Boti haikuwa mahali pake. Nilitazama kwenye nyasi, nikaona alama tu ya kuburuta. Niliifuata mpaka majini. Boti yangu ilikuwa chini ya maji, karibu na mafunjo. Rangi yake ya bluu ilionekana kwa shida kwenye yale maji ya tope. Ndani yake walikuwa wamepanga mawe, makubwa kwa madogo, kutoka mbele hadi nyuma. Haikuwa imezama yenyewe. Kuna watu waliokaa wakaizamisha.

Nilifikiria wenye boti wengine wasiotaka mshindani. Halafu wazo lingine likanijia, baya zaidi: Mama. Amelipa vijana waizamishe ili nisiiguse tena. Mimi ambaye hata konda akinipitisha kituo hushindwa kusema, nilijikuta napiga ukelele.

"Nani ameua boti yangu?"

Ufuo wote uligeuka. Akina mama waliokuwa wakipaa samaki walibaki na visu hewani.

"Mimi," akasema fundi kutoka mahali pake, bila kuacha kazi. "Na mama yako ndiye aliyenipa mawe."

Nikamfuata mpaka alipoketi.

"Kumbe una sauti!" akaendelea. "Wiki mbili nadhani wewe ni bubu. Jana mama yako alikuja hapa akitoka kanisani. Aliniuliza swali moja: mtoto wangu amekosea wapi? Mwanamke anayeogopa haya maji kuliko moto, amekuja mpaka hapa kuuliza. Na wewe uko hatua ishirini."

"Sasa kwa nini umeizamisha?"

"Kwa sababu ina kiu. Kaa hapa."

Nikakaa. Akanieleza huku akipiga pamba. Mbao ikikaa juani hukauka, ikikauka husinyaa, na mbao mbili zilizokuwa zimeshikana huachana. Mwanga niliouona haukuwa ubovu, ulikuwa ukavu. Kama ningeipitisha majini kutoka Kisian, nikichota maji njia nzima, ingeanza kujifunga yenyewe. Na gundi yangu, hata kama isingepasuka, ingezuia mbao zisikutane tena. Jana alasiri yeye na vijana wawili walikuwa wameing'oa yote kwa patasi. Mawe, ambayo Mama aliyaokota akampitishia moja moja, ni ya kuizuia isielee, ili mbao zinywe pande zote.

"Siku ngapi?" nikauliza. Sauti ilitoka ndogo.

"Nne, tano. Nyufa zitakazokataa kufunga, hizo ndizo tutakazotia pamba. Na mama yako amesema Jumamosi anakuja tena. Lakini hataingia ndani mpaka akusikie unauliza."

Wiki hiyo nilijifunza kuuliza, swali moja kwa siku, kisha mawili, kisha fundi akawa ananifukuza nimwache ale. Niliuliza kwa nini mawe yaliwekwa juu ya mbavu za boti na si katikati ya sakafu, akanionyesha sakafu ya mtu iliyopasuliwa na jiwe lililotupwa. Niliuliza ikibidi boti ikae nje nifanyeje, akasema ifunike kwa nyasi mbichi na uimwagie maji asubuhi na jioni. Kopo la kuchotea lifungwe kwa kamba ndani ya boti, kwa sababu boti ikijaa kopo ndilo kitu cha kwanza kuelea na kukukimbia. Jaketi ivaliwe kabla ya kupanda. Magugu maji yanaweza kufunga njia uliyotoka nayo asubuhi, basi ulizia wavuvi waliorudi punde, usitegemee ya jana. Haya nayaandika kwa mtu anayenunua boti yake ya kwanza. Lakini kubwa ni kwamba hakuna hata moja ambalo watu wa ufuoni walinificha.

Jumamosi tulitoa mawe, tukachota maji, boti ikapanda juu nzito, imeshiba maji, tukaivuta ufuoni. Mwanga haukupita tena. Nyufa mbili tu ndizo zilizohitaji pamba.

Mama alifika. Alisimama mbali kidogo na maji.

"Uliza," akaniambia, mbele ya watu wote.

Nilimgeukia fundi. "Jaduong', boti yangu iko tayari kumbeba mama yangu?"

"Hapana," akasema.

Watu wakaguna.

"Iko tayari kunibeba mimi na wewe," akasema fundi. "Twende tukakae huko kwa muda, turudi, aone mwenyewe."

Tukaenda mpaka pembeni mwa mafunjo, tukakaa, tukarudi. Mama alisogea mpaka maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu. Akainama, akaingiza mkono ndani, akapapasa sakafu. Mkono ulitoka umelowa. Akauinua watu wauone.

"Na haya?"

Fundi alinielekezea kidevu. Nikaelewa kwamba hili ni langu.

"Boti ya mbao haikosi kuvuja kidogo, Mama. Nitakuwa nachota kila mara."

"Yakizidi?"

"Tunarudi."

"Na wageni wakikwambia endelea, viboko wako pale mbele, tumekulipa?"

Hapo nilisita. Alikuwa amenigusa mahali penyewe, kwa sababu kumkatalia mtu ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwangu.

"Tunarudi," nikasema.

"Sijasikia."

"Tunarudi!"

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipaa samaki akasema, "Sasa hata kiboko amesikia," na watu wakacheka. Mama hakucheka. Alichukua jaketi, akaivaa juu ya gauni, akakosea vifungo, nikamfunga upya. Kisha akashika bega langu, akapandisha mguu mmoja, akangoja kidogo, akapandisha wa pili. Akakaa, akashika mbao za pande zote mbili.

"Sukuma," akasema, "kabla moyo haujanigeuka."