Mlio Usiobonyezwa

Fundi wa kompyuta wa kliniki yetu ya masikio tunamwita Waya, kwa wembamba wake na kwa sababu ukimgusa vibaya anapiga shoti. Mimi ni mpimaji. Namketisha mgonjwa kwenye kijumba kisichopitisha sauti, namvalisha hedifoni, nafunga mlango, nabonyeza kitufe. Akisikia mlio, ananyoosha mkono. Kazi rahisi, mradi mashine iwe na adabu.

Adabu hiyo iliwekwa na mdogo wake Waya. Kampuni iliyotuuzia mashine haikuwa na programu ya kuiunganisha na kompyuta zetu, wala haikujali. Kijana akaiandika mwenyewe: kijiprogramu kinachoingia hadi kwenye kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta na kukaa humo kama mpangaji asiyejulikana na mwenye nyumba. Waundaji wa mfumo huahidi kwamba toleo thabiti likishatoka, wataziba nyufa lakini hawatahamisha milango, wapangaji wa namna hiyo wasije wakajikuta nje. Ahadi hiyo hufa pamoja na toleo. Kila kompyuta ilipowashwa na mpangaji akaingia salama, kwenye skrini ulipita mstari ambao kijana aliutia kumtania Waya, dada yake: “Dada, nishafika.”

Kijana alikufa ghafla, kwa homa. Mstari ukaendelea kupita. Waya akawa anatutangulia wote kazini ili aiwashe kompyuta mwenyewe.

Toleo lile likazeeka, tukawekewa jipya. Milango ilikuwa imehama, mpangaji akakataliwa. Dawa yake inajulikana: unafungua alichoandika mwenyewe, unabadilisha panapostahili, unakijenga upya. Waya hakutaka kugusa hata nukta.

“Hiyo ni mikono yake,” aliniambia.

Ipo amri ya kumsukuma mpangaji ndani kwa nguvu, ufunguo ulingane usilingane. Akaitumia. Mfumo ukatoa onyo, akalizima. “Dada, nishafika.”

Ndipo wagonjwa walipoanza kunyoosha mikono kabla sijabonyeza. Wa kwanza nilimtania kwamba haraka haraka haina baraka. Wa pili naye, wa tatu naye. Nikaingia mwenyewe kijumbani, nikavaa hedifoni. Mlio ukaja, mkali, na kule nje kiti changu ni kitupu.

Waya nilipomweleza, alitabasamu.

“Ndiye,” akasema. “Mwache acheze.”

Tabasamu lile lilinitisha kuliko mlio.

Kisha akaletwa binti mdogo asiyetamka neno. Alinyoosha mkono kila mara, vizuri kabisa, na jibu likatoka kwamba anasikia. Mama yake akanitazama kwa uchungu.

“Huyu hasikii hata sufuria ikianguka. Ina maana ni mkaidi tu?”

Nikajaribu tena mwenyewe. Skrini ilionyesha mlio hafifu, kumbe mashine inautoa kwa nguvu zote. Nilimfuata Waya nikiwa nimewaka.

“Mtoto anarudishwa nyumbani bila vifaa vya masikio, ataitwa mkaidi hadi azeeke. Huo ndio mchezo wa mdogo wako?”

“Nikiigusa, atakuwa amekufa.”

“Ashakufa, Waya.”

Nilitamani kuyameza maneno yale, lakini yalishatoka. Akavuta kiti, akaanza kubadilisha kazi ya marehemu huku machozi yakimdondoka kwenye kibodi. Alipomaliza, mstari ulipita kama kawaida, na mlio wa ajabu haukusikika tena. Binti alipopimwa upya, mikono ilitulia mapajani. Mama yake alilia, safari hii kwa nafuu, maana sasa angepewa vifaa.

Waya hakufurahi. “Sasa ni maandishi tu,” alisema.

Wiki hiyo alimleta mama yao, masikio ya uzee. Nilimvalisha hedifoni, nikafunga mlango, nikakaa. Kabla kidole changu hakijafika kwenye kitufe, bibi akanyoosha mkono.

Waya akaitazama skrini. Hakuna mlio uliotumwa.

Nikafungua mlango. “Mama, bado sijabonyeza.”

“Najua, mwanangu,” alisema taratibu. “Nyinyi mnangoja mlio. Mimi namsikia anavyopumua. Ndivyo alivyokuwa akipumua akizama kwenye kazi.”

Waya akanyoosha mkono kuomba hedifoni. Sikumpa. Niliogopa asije akasikia, kisha nikaogopa zaidi asije akakosa kusikia chochote.