Landhi Iliyopigwa Plasta

Nilikuwa nimechoka na nyumba ile hata kabla ya watu kuanza kuitaka. Ilikuwa landhi ya zamani pale Lodwar, vyumba sita vya mawe chini ya paa moja la mabati, vilivyojengewa askari enzi za mkoloni. Jua likikukaanga nje, kuta zile nene zilikuachia ubaridi kidogo ndani. Kwa hilo niliisamehe popo wake na vumbi lake.

Nilikuwa nafundisha Kakuma, nikirudi kila Ijumaa mifupa ikiniuma kwa ile barabara. Jirani yangu, mjane wa askari, alikaa chumba cha mwisho tangu aolewe. Kando ya mlango wake mumewe alikuwa akichora kimo cha watoto wao kwa msumari, kwenye jiwe. Wawili kati ya watoto hao walishazikwa.

Mwaka 2013 kaunti ilipoanza, kila kiwanja mjini kilitakiwa kwa ofisi, na sisi tukaambiwa tujiandae kuhama. Nilihangaika na simu hadi nikampata afisa wa mambo ya kale kutoka Nairobi. Akiridhika kwamba landhi ni ya kihistoria, haitabomolewa. Nikawaambia majirani mgeni anakuja Jumamosi kuona nyumba, kisha nikaenda zangu Kakuma.

Niliporudi sikuitambua. Nchi hii mgeni mkubwa akija, hata mawe ya kando ya njia hupakwa chokaa. Majirani walikuwa wamechanga, wakaita fundi, wakapiga plasta ya saruji mwanzo hadi mwisho, wakapaka krimu juu na kahawia chini. Niliketi juu ya begi langu. Hata nguvu ya kukasirika sikuwa nayo.

"Ejok, Mwalimu," akanisalimu yule mama mjane akicheka. "Umeona? Hii mgeni atapenda."

"Mama, anakuja kuona nyumba ya zamani."

"Sasa aone chafu? Atasema sisi hatutaki nyumba."

Afisa alikuwa mtu wa heshima. Aligonga ukuta kwa kidole, akapiga picha mbili, akanywa chai ya mama na kumsifu kwa usafi. Mimi aliniambia akiwa mlangoni mwa gari kwamba hapa hana la kuhifadhi.

Mama aliimba jioni nzima. Nilimwambia ukweli kesho yake baada ya kanisa, kwa sababu uongo nao unachosha. Baadaye nilisikia kitu kikikwaruza, nikatoka. Alikuwa amepiga magoti kando ya mlango wake, akikwangua saruji kwa kisu cha jikoni.

"Mwambie arudi," alisema bila kugeuka. "Mawe iko hapa chini."

Kipande kikabanduka, kikaja na ngozi ya jiwe. Alikigeuza, akakipangusa kwa kanga. Mchoro wa msumari ulikuwa umeng'ang'ania saruji, mstari mmoja mfupi, na ukutani palibaki tundu tu.

Alikishika muda mrefu, akajaribu kukirudisha mahali pake, kikakataa. Kisha akaniuliza mstari ule ulikuwa wa mtoto yupi.