Ziwa Ambalo Mke Wangu Hakuliona

Jirani yangu wa Ilomba alisema twende wote kwa safari moja, nami nikakubali. Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Tulikuwa tumesimama kando ya pikapu yake, yeye ameweka mguu mmoja juu ya tairi, na maneno yake yalikuwa na maana kabisa. Petroli aliyokuwa nayo ilitosha kwenda Ziwa Ngozi na kurudi mara moja tu. Wiki iliyofuata gari lingeanza kubeba viazi, na baba yangu alikuwa amekwisha kufika kutoka kijijini.

"Mzee akae mbele na mimi, wanawake nyuma chini ya turubai," alisema. "Tatizo liko wapi, bwana karani?"

Tatizo nililijua, yeye hakulijua kwa sababu alikuwa Msafwa na kwao hawana mambo hayo kwa ukali wa kwetu. Kwetu Unyakyusa, mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Wakikutana njiani, mwanamke huacha njia, akajifunika kitenge kichwani na kugeuka nyuma mpaka mzee apite. Hawali pamoja, hawakai nyumba moja, hawatazamani usoni. Si chuki. Ndiyo heshima yenyewe, na mwanamke hupimwa kwa hiyo kuliko kwa mapishi yake.

Mke wangu alikuwa Mhehe wa Iringa. Nilimpata nilipokuwa nasoma sekondari kule, na mimi ndiye niliyejifunza kwanza, maana kila nilipopita kwao ilinibidi niseme "kamwene", salamu ya Kihehe, kwa mama yake kabla ya kuruhusiwa kusema jambo lolote jingine. Tulipooana akaja Mbeya kufundisha shule ya msingi. Siku nilipomweleza habari ya baba mkwe alicheka, akaniuliza akikutana naye darajani atajitupa mtoni au vipi. Kisha akaacha kucheka akajifunza. Dada zangu walimwita "yule wa Iringa" na kungoja akosee. Miaka miwili hakukosea hata mara moja. Baba akija mjini alilala kwa jirani, akaketi nje ya nyumba yangu kwenye kiti kilichoupa mlango mgongo, nami nikampelekea chai iliyoandaliwa na mtu asiyemwona. Safari moja baba alirudisha kikombe akasema chai ya nyumba hii ina adabu. Nilipomwambia mke wangu, alitabasamu jioni nzima.

Safari ya ziwa ilikuwa wazo lake. Alikuwa akiwafundisha watoto wa darasa la nne habari za maziwa yaliyomo ndani ya milima, na mtoto mmoja akamuuliza kama yeye ameliona lile la Ngozi. Hakuwa ameliona. Alikuja nyumbani na swali hilo kama mtu aliyekuja na jiwe kiatuni. Maji yamefikaje juu ya mlima? Kwa nini hayamwagiki? Mimi sikujua, nami nilikuwa kijana wa kupenda kujua. Nikamwandikia baba barua nikijisifu kwamba tunakwenda Ngozi. Baba alikuwa amesikia habari za ziwa hilo tangu utoto wake, na hakuwahi kulifikia. Akapanda basi akaja.

Mke wangu alipoona hivyo alisema, "Mpeleke baba. Mimi nitakwenda siku nyingine. Ziwa halihami."

Nilimwambia hakuna haja. Tulikuwa na hesabu ile ya shuleni ya mtu anayevusha mto chui, mbuzi na majani kwa mtumbwi mmoja, na mimi darasani ndiye niliyeipata kwanza. Niliona hii ni hesabu ile ile. Nasema kweli, ilinifurahisha. Nilitaka kujua kama inawezekana.

Nilikuwa nimekwisha kwenda kuangalia njia peke yangu Jumamosi iliyotangulia safari. Nilipanda basi la Tukuyu, nikapita Uyole, nikashuka Isongole, nikatembea mpaka nyumba ya mwisho chini ya msitu. Nilikuwa na daftari. Niliandika muda kutoka barabarani hadi nyumba ile, muda kutoka pale hadi ukingo wa ziwa, mahali penye utelezi, mahali pa kupumzika. Maji ya kunywa hayakuwapo njiani. Duka halikuwapo. Choo kilikuwa kimoja tu, cha nyasi, kwenye nyumba ile ya mwisho, na mama mwenye nyumba alikubali tukitumie. Kutoka hapo ni mwendo wa saa mbili kupanda, ndani ya msitu na mianzi, bila chochote. Karibu na juu, upande wa kulia wa njia, niliona uwazi mdogo nyuma ya mianzi, pakavu, pa kukaa watu watatu au wanne. Nikauandika.

Kwa hiyo mpango ukawa hivi. Wanaume tutatangulia na kiongozi wa njia, tutakayemchukua kwenye nyumba ya mwisho. Wanawake watafuata nyuma, wasituone, na wataingia kwenye ule uwazi wakae humo na chakula chao. Sisi tukiisha kuliona ziwa tutashuka na kupita, nao wamejificha, kisha kiongozi atarudi kuwapandisha. Haja ya wanawake ni huko huko kulia, ndani zaidi ya uwazi. Haja ya wanaume ni kushoto, kwenye mti mkubwa ulioanguka.

Chakula kilitushughulisha siku tatu. Ulikuwa mwaka wa njaa, wa unga wa njano wa msaada, na ugali wake ukipoa unakuwa kama tofali, basi tukauacha. Mke wangu na mke wa jirani walichemsha viazi na mayai, wakakaanga kuku wawili, wakaweka ndizi mbivu na maandazi. Kila kitu nilikigawa vikapu viwili, cha wanaume na cha wanawake, pamoja na chumvi yake kwenye karatasi yake. Maji madumu mawili. Chai themosi mbili, moja ya kuazima. Fedha niliziweka mahali patatu: za petroli kwa jirani, za kiongozi mfukoni mwangu, na za dharura mke wangu akazifunga kwenye pindo la khanga. Mke wa jirani alinitazama nikihesabu mayai.

"Shemeji," akasema, "haya ni matembezi au operesheni? Maana hata waliohamishiwa vijiji vya ujamaa hawakupangiwa hivi."

Tulicheka sote. Mke wangu alicheka kuliko wote.

Jumamosi asubuhi yeye na mwenzake walipanda nyuma ya pikapu kabla baba hajatoka nyumba ya jirani. Walikaa wameielekea njia tunayoiacha, turubai limeshushwa. Baba akatoka na fimbo na koti lake la sufu, akaingia mbele bila kugeuza shingo. Mimi nilikaa nyuma kabisa, miguu ikining'inia. Tulipoanza kupanda kutoka Uyole baridi iliingia, na mke wangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mpaka sasa majani yako hayajaliwa?" Nikamwambia mbuzi ametulia. Akanipiga bega.

Kwenye nyumba ya mwisho kosa langu la kwanza lilijitokeza, nalo lilikuwa dogo. Kiongozi, mtu wa makamo mwenye panga, hakutaka fedha. Alisema fedha anazo, dukani hakuna cha kununua. Alitaka sabuni. Sikuwa nimeandika sabuni kwenye daftari. Mke wa jirani alitoa kipande alichochukua cha kunawia mikono, na mambo yakaisha.

Baba alipanda vizuri kuliko nilivyotarajia. Alisimama mara kwa mara akigusa magome, akimuuliza kiongozi majina ya miti na kuyalinganisha na ya kwetu. Tulipofika ukingoni kulikuwa na ukungu mtupu, mweupe, hata sauti zetu zilirudi karibu. Tukaketi. Jirani akasema ziwa limetukataa. Baba akasema tungoje. Tulingoja kama nusu saa, tukila mayai, na ukungu ukapasuka upande mmoja, kisha mwingine, na maji yakaonekana chini kabisa, mbali kuliko nilivyowahi kudhani, ya kijani iliyochanganyika na weupe wa maziwa, yametulia, na msitu umeyazunguka pande zote kama ukuta. Hakuna mto unaoingia. Hakuna mto unaotoka. Baba aliuliza maji yanakwenda wapi basi. Kiongozi akasema hakuna anayejua. Baba akatikisa kichwa kwa furaha, kama mtu aliyepewa jibu alilolitaka.

Nilikaa pale nikifikiri kwamba baada ya saa moja mke wangu ataketi kwenye jiwe hili hili, na nilijaribu kukisia atauliza nini kwanza.

Kisha baba akasimama akaangalia huku na huku. Nilijua anatafuta nini. Na hapa ndipo penye kosa ambalo sidhani kama mtu wa mahali pengine angelifanya. Mti ule ulioanguka, upande wa kushoto, nilikuwa nimewaambia watu wote isipokuwa baba. Mtoto wa kiume wa kwetu hamwambii baba yake mahali pa kujisaidia. Nilikuwa nimemwomba jirani amweleze. Jirani naye, kama alivyokiri baadaye, alimtazama mzee, akaona ni sawa na baba yake mzazi, akashindwa. Kwa hiyo mtu mmoja tu hakujua kushoto ni wapi na kulia ni wapi, naye ndiye niliyempangia yote yale.

Hata wakati ule ningeweza kusema neno. Nilitazama yai mkononi mwangu. Baba akashuka njiani peke yake, kwa heshima zake, mbali, asionekane na sisi.

Tulisikia mwanamke akipiga yowe, mara moja tu. Nilikimbia. Baba alikuwa amesimama kwenye ule uwazi, amegeuza mgongo, anahangaika na mkanda wa suruali. Mke wangu alikuwa amelala kifudifudi kwenye majani, kitenge kimefunika kichwa chote. Mke wa jirani alisimama kati yao amenyoosha mikono, kama anazuia ng'ombe.

Baba alijifunga, akatoka mpaka njiani, akasimama. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kwa Kinyakyusa, kisha akarudia kwa Kiswahili ili kila mtu asikie.

"Nani alimweka mwanamke huyu hapa?"

Jirani alikuwa amefika nyuma yangu. Kiongozi pia. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, karani, niliyesoma, mwenye daftari.

"Nilimwambia abaki chini kwenye gari," nikasema. "Hakusikia."

Mke wa jirani alifungua kinywa, akanitazama, akakifunga. Mke wangu, nyuma ya mianzi, alikuwa hatua tano tu kutoka hapo, na Kiswahili alikifundisha; alisikia kila neno.

Baba aliteremka na kiongozi. Hakupanda gari. Alitembea mpaka barabara kuu akasimamisha basi la kwenda Tukuyu. Sisi tulirudi Ilomba na kikapu cha wanawake hakijafunguliwa. Kabla hatujashuka, nilipomuuliza mke wangu kama angependa apande akaone ziwa kwanza, maana ukungu ulikuwa bado umefunguka, alisema amechoka.

Habari ilifika kijijini kabla ya barua yangu. Dada zangu walisema walijua tangu mwanzo. Ukoo ukaamua yule wa Iringa aombe radhi, kwa jogoo na khanga mpya, kupitia kwa shangazi yangu. Aliomba. Alipiga magoti mlangoni kwa shangazi akaomba radhi kwa kutosikia, nami nilikuwepo, nimeshika jogoo. Nilikuwa na nafasi ya kusema siku hiyo, na siku iliyofuata, na kila siku ya miezi minne. Nilijiambia kwamba jambo limekwisha, kwamba kulifukua ni kumwaibisha baba mara ya pili.

Nyumbani hatukugombana. Aliniandalia maji ya kuoga, alisahihisha madaftari. Ila aliacha kuniuliza mambo. Nilikuwa nimezoea kurudi kazini nikutane na swali, kwa nini hiki, kwa nini kile, na sasa nilikuta chakula mezani. Shule zilipofungwa alikwenda kwao Iringa kusalimia. Shule zilipofunguliwa nilipata barua kwamba ameomba uhamisho.

Nilimfuata. Mama yake alinipokea, nikasema "kamwene", akaniitikia, akatuacha wawili barazani. Nilimwambia mke wangu nitakwenda kwa baba kumweleza kila kitu.

"Ungemweleza pale pale," alisema. "Baba kuniona ni bahati mbaya. Ningejifunika, yangepita. Lakini mimi nilikaa pale uliponiweka. Miaka miwili nilikaa kila mahali uliponiweka."

Nilikwenda kwa baba mwezi uliofuata nikamweleza ukweli. Alisikiliza akiwa amenipa mgongo, akasema neno moja tu, kwamba mwanamke yule arudishwe kwa heshima. Lakini uhamisho ulikuwa umekwisha kukubaliwa, na mke wangu alikuwa amekwisha kuamua. Tuliachana, na baadaye alifunga ndoa na mwalimu mwenzake huko Iringa. Niliambiwa ana watoto watano.

Mimi nimerudi Ngozi mara mbili tangu hapo, peke yangu. Nilikubali twende wote kwa safari moja, nilipoulizwa nikamsingizia, na kwa hayo nikampoteza mke wangu. Sikuoa tena.