Nahodha wa Pipa

Majirani walimwita Nahodha wa Pipa, naye akaitika, maana jina la utani ukilikasirikia ndiyo umelipa mizizi. Kila jioni alisimama nyuma ya nyumba yake, mbele ya pipa lililojaa maji, akavuta kamba ya mashine ya boti aliyoifunga ukingoni mwa lile pipa. Mashine ilikohoa, ikagoma, kisha ikanguruma hadi mabati ya choo yakatetemeka. Moshi ukaingia kwa jirani, na sauti kutoka dirishani ikauliza leo humo ndani wametoka samaki wangapi.

Boti yenyewe ilikuwa pembeni, imelazwa juu ya magogo. Aliinunua na mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimlea tangu walipobaki yatima, kutoka kwa mvuvi aliyekuwa anaacha kazi. Ilikuwa kuukuu lakini mbao zake nzima, na ililisha nyumba zote mbili. Kaka alishika mashine, mdogo alishika nyavu, na hakuna aliyehitaji kumwamuru mwenzake. Mpaka siku gia iliposagika wakiwa mbali na nchi kavu, wakarudi kwa makasia, mikono malengelenge matupu. Gia ya aina ile madukani haikuwepo. Wakaipandisha boti nyumbani, wakaanza kuulizia.

Wakati huohuo tajiri mmoja wa mji wa mbali alimtaka mdogo mtu awe nahodha wake, ahame na mke na watoto. Mdogo hakupenda. Alimwambia kaka yake kwamba atavua na watu huku na huku hadi gia ipatikane, na boti ikielea tu, huyo tajiri atafute mtu mwingine. Kwa hiyo kaka hakuwa anangoja gia peke yake. Kila alipoiangalia ile boti, aliona mdogo wake akibaki au akiondoka, na roho ikamwuma.

Fundi wa boti, mtu ambaye bila kejeli hawezi hata kukuamkia, alipita kuikagua. Alisema anafurahi kuona boti imestaafu kabla ya wenyewe. Kisha akasema la maana.

"Mbao isikauke. Imwagie maji ndani kila jioni, na uifunike turubai isipigwe jua."

Siku za mwanzo alimwaga kweli. Lakini mashine nayo ilitaka kuwashwa, isije ikashika kutu, na maji ya pipa yalichafuka mafuta, yakataka kubadilishwa. Bomba lilikuwa ng'ambo ya barabara na aliyebeba ndoo kichwani alikuwa mke wake. Pipa likijaa, shingo ya mama wa watu imechoka, na maji ya boti yanakuwa ya kesho. Turubai nalo lilipasuliwa na upepo, likawa la kesho vilevile. Jioni moja mke alisimama na ndoo akauliza kama leo maji ayamwage kwenye boti. Akajibiwa kuwa mashine kwanza, mbao haina haraka.

Tusimcheke sana. Mashine ilimjibu. Akiisafisha plagi, iliitika; akiipuuza, ilinuna. Mtu aliyekata tamaa hupenda kitu kinachomjibu. Boti ilinyamaza tu juani, na rangi ya buluu aliyoipaka kwa mkono wake mwenyewe ikang'aa, ikafunika yaliyo chini yake. Methali ya ufa na ukuta aliijua kama sisi sote. Ila methali haikusema ufa ukiwa chini ya rangi mtu auone kwa jicho gani.

Gia aliipata mdogo mtu, kwenye mashine mbovu iliyotupwa nyuma ya gereji. Alikuja nayo ameifunga ndani ya shati, kifua wazi, anacheka. Waliifunga pamoja, mikono minne ndani ya mafuta, kama zamani.

"Mla ng'ombe hashindwi na mkia," kaka alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alikula akashiba.

Asubuhi wakaishua. Majirani walewale wa dirishani walikuja kusukuma kwa mabega. Mashine ikawaka kwa mvuto mmoja, boti ikaondoka, watu wakapiga makofi. Kaka alikuwa bado anacheka mdogo wake alipotazama chini miguuni.

Maji hayakuingia mahali pamoja hata wazibe kwa tambara. Yaliingia kila upande. Waliyakumba na kuyamwaga nje huku wakirudi, wakafika ufukweni yamefika magotini. Fundi akashauri waizamishe palepale kwenye maji mafupi, mbao zinywe, zivimbe, zijifunge zenyewe. Kaka alikwenda kila siku kuipapasa ubavuni. Aliomba, yeye ambaye si mtu wa kuomba sana. Walipokuja kuyakumba maji, yakarudi kama yalivyotoka.

Fundi aliingia ndani, akapitisha kidole kwenye misumari, mmoja baada ya mwingine, kuanzia chini kwenye mkuku, ule uti wa mgongo wa boti.

"Mbao iliyoachana ukiinywesha hukutana," alisema, na safari hii kejeli haikuwepo. "Hii imepasuka kila penye msumari. Ulikuwa unaimwagia?"

Mdogo wake, aliyesimama majini, aligeuka kumtazama kaka yake. Alilingoja lile jibu kuliko hata fundi, naye hakulipata.

Mdogo alikuja kuaga siku ya kuhama, mke na watoto wake wakiwa barabarani na mizigo. Kaka alitamani atukanwe, moyo upoe. Hakutukanwa.

"Kaka, mimi nilichoweza ni gia," mdogo alisema. "Niliileta."

Akamwinamia shemeji yake kumuaga, akaenda zake.

Jioni ile kaka alikaa juu ya magogo yaliyobaki wazi. Mkewe alitokea bombani na ndoo kichwani, maana miguu ilishazoea. Akasimama kati ya pipa na magogo.

"Baba watoto, haya niyamwage wapi?"

Pipa lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Alitazama chini, pale boti ilipokuwa imelala muda wote ule, na machozi yakamtoka mbele ya mke wake. Udongo ulikuwa mkavu, vumbi tupu, kama mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kumwaga maji.